Shanga za kioo za kutengeneza kwa mkono: chupa ya jalalani au fimbo ya Murano?

Fundi wa shanga za kioo anayefanya kazi kwenye bana ya gesi, yaani kichomeo cha mwali, huulizwa swali hili mapema kuliko jingine lolote: kwa nini aagize fimbo za kioo kutoka Murano, kisiwa cha Venice nchini Italia, ilhali chupa za bia na soda zimejaa kila jalala la Arusha na Nairobi? Wanaotetea chupa wanasema malighafi ya bure haikataliwi, tena inasafisha mazingira. Wanaotetea fimbo wanajibu kwamba chupa haikutengenezwa kwa ajili ya bana, na anayeing'ang'ania atapoteza gesi, muda na wateja. Kila upande una hoja ya kweli. Lakini wote wawili wanabishana huku wameliacha nje ya mjadala jambo linaloamua kama ushanga utadumu, nalo ni tanuri la kupozea.

Kwanza kazi yenyewe. Fundi anachovya waya wa stenlesi katika uji wa udongo, kama sentimita 4 za ncha, anauacha ukauke kabisa. Anapasha ncha ya fimbo ya kioo mpaka ifanye tone, anaupasha waya mpaka uwekundu uanze kuonekana kwa mbali, kisha anauzungusha waya na kioo kinajiviringisha juu yake. Kuanzia hapo mkono hausimami, kwa sababu kioo laini huelemea chini mara tu mzunguko unapokatika. Mafundi wa Venice walifanya hivyo kwa taa ya mafuta na mivukuto. Leo mwali ni wa gesi, na mikono bado inafanya yale yale. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi huo wa Italia na Ufaransa katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Waya hauhitaji kuagizwa. Maduka ya vifaa vya kuchomelea huuza waya wa stenlesi wa TIG (aina ya uchomeleaji) wa milimita 1.6, 2.4 na 3.2, nao hukatwa vipande vya sentimita 25. Udongo ni kaolini, kama ile ya Pugu nje ya Dar es Salaam, iliyochanganywa na unga wa alumina kwa kiasi sawa na maji ya kutosha kuufanya uwe mzito kama mtindi. Kaolini peke yake hunywea na kubanduka, kioo kikagusa chuma, na ushanga uliogusa chuma ama hautoki ama hupasuka unapopoa.

Sasa bei, maana hapo ndipo hoja ya chupa inapoonekana kuwa na nguvu. Ushanga wa duara wa milimita 12 una uzito wa takriban gramu 2. Kilo moja ya fimbo, ukitoa vipande vinavyopotea, inatoa shanga kama 400. Tuchukue kwamba kilo hiyo imekufikia kwa shilingi 100,000 za Tanzania pamoja na usafiri na ushuru: kila ushanga umebeba shilingi 250 za kioo. Ushanga wenye madoa na mistari huchukua dakika 15 kwa fundi mzoefu. Fundi anayetaka shilingi 5,000 kwa saa lazima aweke shilingi 1,250 za mkono wake kwa kila ushanga, kabla hajahesabu gesi na oksijeni. Kioo cha Murano, kwa hiyo, si gharama kubwa ya ushanga. Muda ndio gharama.

Na chupa inakula muda. Lazima iloweshwe, ibanduliwe lebo, ioshwe, ikatwe vipande, kisha vipande viyeyushwe na kuvutwa kuwa fimbo nyembamba, kwa sababu kipande kinene kikiingizwa motoni kinarusha vigae usoni. Ikiwa maandalizi ya shanga 20 yanakula saa moja, kwa hesabu ile ile kila ushanga umeshabeba shilingi 250 za kazi. Umefika pale pale ulipokuwa unapakimbia, na bado hujazungusha waya.

Halafu kuna tabia ya kioo chenyewe. Fimbo za Murano ni kioo laini: kinayeyuka mapema, kinabaki laini kwa muda na kumpa fundi nafasi ya kukitengeneza. Kioo cha chupa kilibuniwa kwa mashine inayotaka kigande haraka ndani ya kalibu. Kwenye bana kinahitaji joto kubwa zaidi na kinaganda mapema. Bana inayotumia gesi peke yake, bila oksijeni, inatosha kwa fimbo laini ijapokuwa kwa mwendo wa taratibu. Kwa chupa inachosha mno. Fundi akikirudisha kioo cha chupa motoni mara nyingi ili kukiweka sawa, uso wake huanza kufanya ukungu mweupe, kwa sababu kioo kinaanza kujenga fuwele. Ukungu huo hautoki kwa kufuta. Ifahamike pia kwamba regyuleta ya jiko la nyumbani haitoi mgandamizo unaotakiwa na bana nyingi za kazi hii. Inahitajika ya mgandamizo wa juu, na mipira inayostahimili mgandamizo huo.

Tatizo zito zaidi la chupa halionekani kwa macho. Kila kioo kina kiwango chake cha kupanuka kikipata joto na kunywea kikipoa. Fimbo za Murano zina kiwango kinachoitwa 104, maana yake mita moja ya kioo hicho ikipanda nyuzi moja ya Selsiasi inaongezeka mikromita 10.4. Kioo cha chupa kwa kawaida kiko kati ya 84 na 90, na chupa ya kiwanda hiki si lazima ilingane na ya kiwanda kile. Kioo cha maabara, borosiliketi, ni takriban 33. Ukiweka doa jekundu la 104 juu ya ushanga wa chupa ya kijani, vyote viwili vitashikana vizuri motoni. Vikipoa, kimoja kinanywea zaidi ya mwenzake na mvutano unabaki umefungiwa ndani. Pengine ushanga utapasuka usiku huo huo. Pengine utangoja wiki tatu, upasukie shingoni mwa mteja.

Ndiyo maana wanaotetea chupa hubaki na rangi chache: kijani, kahawia, nyeupe angavu na mara moja moja buluu. Kwa jicho langu rangi hizo ni nzuri, zina utulivu ambao rangi kali za dukani hazina. Ila fundi anayetaka kuchanganya chupa mbili lazima azipime kwanza. Anashikanisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, anapasha ule mshikano, anauvuta kuwa uzi mwembamba. Uzi ukipoa umenyooka, vioo vinapatana. Ukijikunja, upande wa ndani wa mkunjo ndio unaonywea zaidi, na vioo hivyo visikutane kwenye ushanga mmoja.

Watetezi wa chupa hutaja karakana ya kioo ya Kitengela karibu na Nairobi na ile iitwayo Shanga ya Arusha, ambayo huajiri watu wenye ulemavu, kama ushahidi kwamba kioo cha taka hutoa kazi nzuri. Hutoa, tena ya kuvutia sana. Lakini pale chupa huyeyushwa ndani ya tanuru kubwa, na kioo cha chupa nyingi huwa kitu kimoja. Kwenye bana kila chupa inabaki na tabia yake.

Mfano unaofaa zaidi kwa mtu mwenye chupa na mtaji mdogo uko Ghana. Wakrobo husaga chupa kuwa unga, wakaujaza kwenye mashimo ya vibumba vya udongo vilivyopakwa kaolini, na katikati ya kila shimo wakasimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Kibumba kinaingia tanurini, unga unashikamana, kikonyo kinaungua na kuacha tundu. Hakuna bana, hakuna oksijeni. Vikonyo vya muhogo havijawahi kuwa adimu kwetu. Nashangaa kwa dhati kwamba njia hii haijashika mizizi Afrika Mashariki, ilhali watu wanahangaika kuilazimisha chupa kuingia katika njia isiyoifaa.

Turudi kwenye tanuri. Ushanga ukitoka motoni, uso wake unapoa na kuganda kabla ya moyo wake. Moyo unapokuja kunywea baadaye, unauvuta uso ambao hauwezi tena kusogea. Dawa ni kuuweka ushanga kwenye joto ambalo kioo hakibadiliki umbo lakini mvutano unalegea, kisha kuushusha polepole. Kwa fimbo za Murano joto hilo ni takriban nyuzi 510, kwa chupa karibu 545, kwa borosiliketi karibu 565. Shanga zisizozidi milimita 20 hukaa hapo saa moja, kisha zinashushwa kwa nyuzi 60 kila saa. Za Murano zikifika 370, na za chupa zikifika 430, tanuri linazimwa na kuachwa lipoe lenyewe, mlango umefungwa.

Wapo wanaosema tanuri ni anasa kwa shanga ndogo, na hawasemi ovyo. Ushanga wa milimita 8, wa rangi moja, uliozungushwa pembezoni mwa mwali mpaka joto lake likasawazika na kisha kufukiwa kwenye vamikulaiti ya moto, yaani madini mepesi yanayohifadhi joto, mara nyingi hudumu miaka. Venice ilisambaza shanga dunia nzima kabla ya tanuri la umeme kuwepo. Tanuri lina gharama, na umeme hukatika.

Hoja hiyo naikubali kwa shanga ndogo, naikataa kwa vidani vya mkufuni. Kidani cha milimita 35 kina tumbo nene na kingo nyembamba, na mara nyingi kitanzi chembamba cha kioo juu yake. Sehemu hizo hazipoi kwa mwendo mmoja hata kidogo. Vamikulaiti inaweza kukifikisha kikiwa kizima kwenye joto la chumba, lakini haiondoi mvutano. Na kitanzi ndicho kinachobeba uzito wote na kugongwa kila siku.

Kukatika kwa umeme nako kuna jibu. Shanga zilizopozwa kwenye vamikulaiti zinaweza kuingia tanurini siku nyingine zikiwa baridi, zikapandishwa kwa nyuzi zisizozidi 150 kila saa na kupozwa upya. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Tanuri la matofali ya moto linashuka taratibu, na zoezi zima linarudiwa baadaye. Hilo linafungua mlango kwa kikundi: mafundi kumi wanaweza kufanya kazi kila mmoja kwake na kumiliki tanuri moja. Vamikulaiti yenyewe huchimbwa Namekara mashariki mwa Uganda, na wauzaji wa vifaa vya bustani wanayo.

Kujua kama mvutano umeondoka si lazima kununua kifaa. Weka ushanga angavu mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta ya bapa, vaa miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, izungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Ushanga uliotulia utabaki karibu na weusi huo. Wenye mvutano utang'aa mabaka meupe, hasa kuzunguka tundu na pale rangi zinapokutana. Kwa shanga zisizopitisha mwanga kipimo hiki hakisaidii, na hapo fundi anategemea ratiba ya tanuri peke yake.

Sokoni, neno "kutengenezwa kwa mkono" halibebi uzito ambao wengi wanalipa. Shanga za bei ya chini kutoka Purdilnagar nchini India, na za kutoka China, nazo huviringishwa kwa mkono, na nyingi huuzwa bila kupitia tanurini, tundu likiwa bado na udongo mkavu ndani. Anayeshindana nazo kwa bei ameshashindwa. Vivyo hivyo anayedhani atawauzia kina mama wa Kimaasai: wao hutumia shanga ndogo za kiwandani, kwa miaka mingi za Jablonec huko Cheki, ambazo bana haiwezi kuzifikia kwa udogo wala kwa usawa. Mnunuzi wa kweli ni sonara, mshona vidani, duka la watalii linalotaka rangi ile ile tena mwezi ujao. Huyo huangalia ncha za tundu kwanza. Ncha zilizoingia ndani kidogo ni dalili ya fundi. Ncha kali hukata uzi, na hutokea pale kioo kinapokuwa kidogo kuliko urefu ambao kimetandazwa juu ya waya. Tundu linasafishwa kwa kekee ya almasi ndani ya maji, kamwe si kavu, kwa sababu vumbi lile huharibu mapafu.

Kwa mpangilio wangu, fundi mwenye pesa ya kitu kimoja baada ya bana anunue miwani ya didimiamu, inayozuia mng'ao wa njano wa sodiamu ili aone anachokifanya, na ahakikishe hewa ya karakana inatoka nje. Kinachofuata ni tanuri, au hisa katika tanuri. Fimbo za rangi nyingi zije baada ya hapo. Nyeupe, nyeusi na rangi mbili angavu zinatosha kuanzia. Na ambaye wateja wake wanataka chupa kwa sababu ni chupa, awape: ushanga mmoja, chupa moja, mapambo yatoke kwenye chupa hiyo hiyo, na ratiba ya tanuri iwe ya chupa, isiwe ya Murano.