Tanuri Linasikia Baridi

Shemeji yangu ni fundi wa kila kitu. Redio, pampu, pikipiki, hakuna kinachomshinda kukifungua. Siku alipojua kwamba tanuri langu la umeme la kuchomea vyungu naliendesha kwa mkono, nikipandisha swichi kidogo kidogo na kuchungulia tunduni kutwa nzima, alicheka hadi akakaa chini.

"Mtu mzima, unalinda moto kama mwana mwenye surua?"

Akaja na kidhibiti joto cha kidijitali. Akatoboa ubavu wa tanuri, akachomeka themokapo ya aina ya K, kihisi joto cha nyaya mbili, akashika nyaya hizo: nyekundu akaipeleka kwenye chanya, ya njano kwenye hasi. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Shemeji, nyekundu ni chanya tangu dunia iumbwe."

Nilimgomea jambo moja tu. Alitaka kung'oa swichi ya zamani ya koni, ile ambayo kijiti cha udongo hulazwa ndani ya tanuri chini ya ulimi wa chuma. Joto likifika karibu nyuzi 1,000 kijiti kinalegea, kinapinda, ulimi unashuka, na kule nje kizito kinaanguka na kukata umeme. "Hiyo ni ya makumbusho," akasema. Nikamwambia makumbusho hayo yabaki hapohapo.

Tulipanga joto lipande taratibu hadi nyuzi 120, litulie hapo unyevu utoke, ndipo liendelee. Kioo cha kidhibiti kikasoma 27. Tukawasha. Kikasoma 26. Kisha 22. Kisha 14.

"Shemeji, mbona linashuka?"

"Linajifunza. Vidude hivi vina akili, vinalisoma tanuri kwanza."

Ikafika sifuri, ikapita. Kwenye hasi 40 nikasogeza kiganja karibu na mfuniko, nikakirudisha mbio. Kidhibiti, maskini, kiliamini tumehamia kwenye barafu, kikawa kinamimina umeme wote kilionao. Nikaenda kuzima, shemeji akanizuia: "Ukizima sasa litasahau lilichojifunza!"

Ndani kukalia pwaa!

"Relei hiyo, swichi ya kidhibiti inayowasha na kuzima," akasema.

Pwaa! Pwaa!

"Umefunga relei ngapi?"

"Moja."

Akanyamaza. Udongo mnene wenye unyevu haupelekwi mbio. Maji yakigeuka mvuke humo ndani yanatafuta njia, na yasipoiona yanaitengeneza. Kwa kuwa vyungu vilishajimaliza vyenyewe, nikavuta kigoda nitazame mwisho wa somo.

Tundu la kuchungulia likawa jekundu, kisha rangi ya chungwa. Kioo kimeganda kwenye hasi 200. Mara, kacha! Kizito kikaanguka, tanuri likazima. Kijiti cha makumbusho kilikuwa kimepinda. Kidhibiti, chenye soketi yake pembeni, kikaendelea kutangaza hasi 200 bila haya.

Usiku nilitafuta sumaku. Kwenye themokapo ya K, waya hasi hunaswa na sumaku na ule chanya haunaswi. Ikanasa nyekundu, palepale. Kumbe kuna nyaya ambazo nyekundu yake ndiyo hasi.

Asubuhi nilikwenda kumwonyesha, nikamkuta keshatangulia, kainamia kioo. Tanuri lilikuwa linapoa, na kwa nyaya zilizogeuzwa, kupoa kunasomeka kupanda: hasi 90, hasi 85, hasi 80.

"Shemeji, njoo uone!" akapiga kelele. "Limeelewa!"