Kuiita katheta ya ultrasaundi anasa ni kumkosea mgonjwa

Juzi kwenye kikao cha vifaa nilimsikia bingwa mmoja wa moyo, mtu ninayemheshimu sana, akisema katheta ya ultrasaundi, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo ili kuuonyesha kwa mawimbi ya sauti, ni anasa ya chumba cha ablesheni, yaani chumba cha kutibu mapigo mabovu ya moyo kwa kuunguza. Yeye, alisema, ameunguza njia mbovu za umeme wa moyo miaka yote kwa eksirei na uzoefu wa mikono yake, na wagonjwa wamerudi makwao wazima. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nafanya kazi kwenye chumba hicho na jambo hili limenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Uzoefu wake haubishaniwi. Lakini eksirei inamwonyesha nini? Mifupa, waya na ncha za katheta. Moyo wenyewe ni kivuli. Ukuta wake huoni, vali huoni, damu huoni. Sasa mchukue mgonjwa mwenye mpapatiko wa chemba za juu za moyo, yaani zinatetemeka ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio. Tangu Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walipoonyesha mwaka 1998 kwamba vichocheo vya mpapatiko huo mara nyingi hutoka kwenye vena za mapafu, kazi yetu kubwa iko upande wa kushoto wa moyo, ilhali vena ya kinena tunayopitia inatufikisha upande wa kulia. Ili kuvuka ni lazima utoboe kwa sindano ukuta uliopo kati ya chemba mbili za juu, huku moyo unadunda. Ukipotoka kwenda mbele, kuna aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Ukipotoka kwenda nyuma, umetoka nje ya moyo.

Katheta yenyewe ina unene wa milimita 3 hivi, na kwenye ncha yake zimepangwa chembe 64 za kutoa na kupokea mawimbi ya sauti. Unaipandisha hadi chemba ya juu ya kulia. Ukiizungusha taratibu kufuata saa, aota inapita mbele ya macho yako, halafu chemba ya kushoto na vali yake, halafu vena za mapafu za kushoto, na mwisho zile za kulia. Ukuta wa katikati unauona kama mstari unaong'aa, na mahali fulani mstari huo unakuwa mwembamba. Hapo ndipo pa kutoboa. Sindano ikiegemea, utando unabinuka kuelekea kushoto kama turubai linalosukumwa na mti wa hema. Mbinuko ukiwa karibu mno na aota, unairudisha sindano kabla hujaleta madhara. Ukishatoboa, utando unarudi mahali pake, na ukipuliza maji ya chumvi kidogo unaona viputo vikimwagika ndani ya chemba ya kushoto. Hakuna kivuli cha eksirei kinachoweza kukuambia hayo.

Na hatari haiishii kwenye kutoboa. Mgonjwa huyu amepewa heparini ili damu isigande, kwa hiyo tundu dogo mahali pasipotakiwa linavuja bila kusita, na damu inajikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo hadi moyo unashindwa kujaa. Nimekuwepo chumbani presha ilipoanza kushuka na katheta hii hatukuwa nayo. Mmoja alisema ni dawa za usingizi. Mwingine akasema mgonjwa amepungukiwa maji, dripu ikafunguliwa. Mtu akatumwa mbio kwenda kuikokota mashine ya ultrasaundi kutoka wodi nyingine. Ilipowekwa kifuani, mfuko wa moyo ulikuwa umejaa. Mgonjwa alipona kwa sababu daktari alikuwa hodari wa kuingiza sindano na kuinyonya ile damu. Lakini zile dakika za kubahatisha hazikuwa na lazima. Katheta ikiwa ndani, damu hiyo inaonekana ikiwa bado ni ukanda mweusi mwembamba pembeni ya moyo, mara nyingi kabla presha haijatikisika.

Kuna faida nyingine pia. Unaliona bonge la damu linaloanza kuning'inia kwenye mrija. Unaona ncha ya kuunguzia kama imegusa nyama kweli au inaelea. Unaliona umio lilivyolala nyuma ya chemba ya kushoto, usije ukaliunguza. Mionzi inapungua, kwa mgonjwa na kwetu tunaobeba maaproni ya madini ya risasi mgongoni kutwa, na kwa mjamzito hilo ni jambo kubwa.

Ni ghali, nakubali, na imeandikwa itumike mara moja itupwe, ingawa zipo nchi zinazoruhusu kampuni maalumu kuisafisha na kuipima upya chini ya sheria. Inaongeza tundu moja kwenye kinena. Ncha yake ni ngumu, na asiyeipandisha kwa uangalifu anaweza kujeruhi vena njiani. Kusoma picha zake kunataka mafunzo. Tena ipo ultrasaundi ya kupitishia mdomoni, ambayo ni nzuri, ila inataka mgonjwa alazwe usingizi mzito na mtu mwingine akae kichwani pake kazi nzima. Ila siwaelewi wanaopiga hesabu ya bei ya katheta bila kuweka kwenye hesabu hiyo hiyo kitanda cha wagonjwa mahututi, damu ya kuongezewa na upasuaji wa dharura.

Na wale wenye nayo, nawaomba msiivute nje mara tu sindano inapovuka. Ukuta unaweza kutoboka wakati wa kuunguza, hata mwishoni kabisa. Iacheni ndani. Kabla hamjaitengua heparini na kutoa mirija, zungusheni mara moja zaidi mkauangalie mfuko wa moyo. Kukiwa na damu ambayo mwanzoni haikuwepo, mgonjwa bado yuko mezani, njia za mishipa bado ziko wazi, na timu nzima bado imevaa glavu.