Waitaliano wa Toronto walijenga walikolala, sisi tunajenga tusikolala

Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Toronto, awe mtu ametoka Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura, tumezoea kuuchukulia mji huu kama stoo: unaingia, unabeba, unapeleka nyumbani. Naamini mazoea hayo yanatuponza. Ushahidi wangu ni Waitaliano waliomiminika hapa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa sababu nao wengi walikuja na nia ileile ya kuchuma na kurudi. Baadhi walirudi kweli. Waliobaki ndio waliomwaga zege la mji huu, na baada ya miaka wakawa na kauli ndani yake.

Hawakupokelewa vizuri. Italia ilipoingia vitani upande wa Ujerumani mwaka 1940, Kanada iliwatia kambini wanaume wapatao 600 wenye asili ya Italia, na ilifika Mei 2021 ndipo serikali ikaomba radhi rasmi bungeni. Vita vilipokwisha wakaanza kuja upya kutoka Calabria, Abruzzo, Molise, Sicilia na Friuli, kwa meli hadi gati namba 21 la Halifax, kisha kwa treni hadi Toronto. Mwaka 1951 jiji na vitongoji vyake vilikuwa na watu karibu 28,000 wa asili ya Italia. Mwaka 1961 walikuwa takriban 140,000. Ndugu alimvuta ndugu: mmoja akimdhamini kaka yake, kaka akimdhamini shemeji, mpaka kijiji kizima cha Calabria kikahamia mitaa miwili ya Toronto. Hilo hatuhitaji kufundishwa.

Katika Mtaa wa College, wanaume waliosimama kando ya barabara kupiga soga baada ya kazi walikuwa wakifukuzwa na polisi, eti wanaziba njia. Mtu aliyekulia pwani, ambako baraza na kahawa ya jioni ni sehemu ya heshima ya mtaa, anajua jambo kama hilo linavyouma. Leo jiji hilohilo linawapa wenye mikahawa vibali vya kupanga meza na viti nje, barabara hiyohiyo.

Kazi waliyopewa ilikuwa ya chepe na toroli. Afrika Mashariki tulikwisha kuiona mikono yao: mateka wa vita wa Kiitaliano ndio waliojenga barabara inayoteremka Bonde la Ufa na kile kikanisa cha Mai Mahiu mwaka 1942. Toronto wakachimba mifereji ya maji taka, wakapanga matofali, wakamwaga misingi ya nyumba za vitongoji vipya. Wake zao walishona kwa malipo ya kipande katika viwanda vya nguo vya barabara ya Spadina. Wengi walifanya kazi chini ya wakandarasi wadogo waliozungumza lugha yao, na hapo ndipo dhuluma ilipokuwa rahisi zaidi: hundi inayorudi benki bila pesa, saa za ziada zisizohesabiwa, na kibarua asiyejua aende kushtaki wapi.

Machi 17, 1960, wakafa watano. Mahali panaitwa Hoggs Hollow, kaskazini mwa jiji, ambako lilikuwa likichimbwa handaki la bomba la maji chini ya mto Don. Inafaa kuieleza kazi yenyewe, maana bila hivyo mtu hatambui hatari yake. Unapochimba chini ya mto, maji hutaka kuingia. Ili kuyazuia, hewa husukumwa ndani kwa shinikizo na lango hufungwa. Anayetoka hawezi kutoka moja kwa moja. Lazima akae kwanza katika chumba cha kati ambamo shinikizo hupunguzwa polepole. Akitoka ghafla, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu, na mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, kupooza, hata kifo. Moto ukizuka humo, unakuwa katikati ya mabaya mawili: ukiiacha hewa inauchochea moto, ukiipunguza unaruhusu maji na tope kuingia. Moto ulizuka jioni ile, moshi ukajaa katika handaki jembamba ambalo sehemu kubwa ya nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na bomba, na vifaa vya kuzima moto na vya kuokolea watu havikuwa vya kutosha. Wote watano walikuwa wahamiaji wa Kiitaliano. Wawili kati yao, Alessandro na Guido Mantella, walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kwetu, msiba kama huo ungezaa mchango, mazishi, tume, kisha ukimya. Kariakoo, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20, na hadi leo kibarua anayechanganya zege kwenye ghorofa la jirani anaingia kazini na kandambili. Simaanishi kwamba sheria hatuna. Kenya ina sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini tangu 2007, na Tanzania ina mfuko wa fidia kwa wafanyakazi unaofanya kazi tangu 2015. Ila kibarua wa kutwa hayumo katika daftari la mtu yeyote, na asiyeandikwa halipwi.

Waitaliano walizika, kisha wakagoma. Kiangazi cha 1960 na tena cha 1961, waashi, maseremala, wapiga plasta na vibarua wa saruji waliungana katika kundi lililojulikana kama Brandon, likiongozwa na Bruno Zanini na Charles Irvine, na ujenzi wa nyumba Toronto ukasimama. Baadhi walikamatwa. Serikali ya Ontario ikaunda tume na kuziandika upya sheria za usalama kazini. Haki ambazo sisi tunazikuta tayari, zililipiwa na watu waliokuwa na Kiingereza kibovu kuliko chetu.

Cha kusikitisha ni kwamba wengi wetu hatuzitumii. Ontario, mfanyakazi anayeamini kazi ni ya hatari ana haki ya kuikataa, na utaratibu wake ni huu: unamwambia msimamizi papo hapo kwamba unakataa na kwa nini, unabaki mahali salama karibu na eneo la kazi, huondoki kwenda nyumbani, msimamizi anachunguza mbele yako na mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, msipoelewana, anaitwa mkaguzi wa wizara ya kazi. Kukuadhibu kwa hilo ni kosa kisheria. Watu wetu hukosea kwa kunyamaza na kuacha kuja kesho yake, na hapo mwajiri huandika kwamba umeacha kazi mwenyewe. Ukiumia ni vivyo hivyo: mwajiri ana siku 3 za kazi kuripoti kwa bodi ya fidia, na wewe una miezi 6 kudai. Anayekubali kulipwa mkononi, bila karatasi, ili apate dola chache zaidi, ndiye hushindwa kuthibitisha hata kwamba alikuwa kazini siku aliyoanguka.

Nyumba ndiyo hoja yangu kubwa. Waitaliano walinunua nyumba kuukuu za katikati ya mji, karibu na College na baadaye St. Clair na Dufferin, haraka kuliko watu walivyotarajia. Mbinu haikuwa siri. Familia ilikaa vyumba viwili, vyumba vingine vikapangishwa kwa ndugu na watu wa kijiji kimoja. Mkopo wa kwanza ulitoka kwenye taasisi, wa pili mara nyingi kwa mtu binafsi, na kodi ya wapangaji ililipia yote miwili. Jumamosi na Jumapili mafundi walisaidiana: leo wanamwaga sakafu ya fulani, wiki ijayo wanapanga tofali za mwingine, hakuna anayelipwa. Huo ni msaragambo mtupu. Ghorofa ya chini ya ardhi iliwekwa jiko la pili, ambamo mapishi mazito, mitungi ya nyanya na mapipa ya mvinyo yalikaa ili jiko la juu libaki safi kwa wageni. Wengi waliiuza nyumba ya kwanza kwa faida na kuhamia vitongoji vya kaskazini, North York, kisha Woodbridge.

Sisi tunafanya msaragambo kwa ajili ya kiwanja cha Kigamboni au Kitengela. Pesa inatumwa kwa simu kila mwezi, mjomba anasimamia, picha za msingi zinakuja. Halafu nondo za milimita 12 zinanunuliwa za 10, mifuko 100 ya saruji inakuwa 70 ikifika, na mwaka wa tano kuta zimesimama bila paa, majani yameota sebuleni. Hata ikikamilika, mwenyewe hulala humo wiki tatu za Desemba. Miaka yote hiyo analipa kodi ya pango Scarborough au Etobicoke, na kodi hiyo hairudi.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu ulinganisho huu una mpaka wake. Wao walikuta nyumba za bei ambayo mshahara wa kibarua ungeweza kuifikia kwa miaka michache. Leo nyumba ya kawaida Toronto huzunguka dola milioni moja. Tena Italia yenyewe ilitajirika kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, mzigo wa kutuma pesa ukapungua. Wazazi wetu bado wanangoja dawa na ada. Siwezi kumwambia mtu aache kumtumia mama yake. Nasema pesa ya mama na pesa ya ghorofa lisilokaliwa ni vitu viwili, na hiyo ya pili ndiyo ingefaa kubaki hapa kwanza.

Hesabu yake ni hivi. Mnunuzi hutakiwa kutanguliza asilimia 5 ya dola 500,000 za kwanza na asilimia 10 ya kinachozidi, hadi bei ya milioni 1.5. Fleti ya dola 700,000 inadai 25,000 na 20,000, jumla 45,000. Kuna akaunti maalumu ya akiba ya nyumba ya kwanza inayopokea dola 8,000 kwa mwaka hadi 40,000; unachoweka kinapunguza kodi yako ya mapato, na ukitoa kununua nyumba hutozwi. Mkazi wa Kanada anaweza kuifungua akiwa na miaka 18 hata kama si raia. Watu husahau kwamba ndani ya jiji la Toronto kodi ya kuhamisha umiliki hulipwa mara mbili, kwa jimbo na kwa jiji, nayo pamoja na ada ya wakili haiingii katika mkopo. Wengine hukwama hapo wiki ya mwisho.

Ukitaka kuona mtu aliyekubali kuishi mahali, tazama ua wa nyuma wa mzee wa Kiitaliano mwezi Novemba. Mtini hauwezi baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, basi anauzika. Anangoja majani yote yaanguke, anapogoa na kuacha mashina manne au matano, anayafunga pamoja kwa kamba akikaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa ili yasivunjike. Anachimba mtaro wa urefu wa mti, kina cha kama sentimita 60. Upande wa pili anakata mizizi kwa sepetu, nusu duara, kisha anausukuma mti taratibu mpaka ulale mtaroni. Juu yake mbao, majani makavu, magunia, kisha udongo. Akiufunika ungali na majani, unaoza. Plastiki ikigusa matawi, unyevu huganda na kuleta kuvu. Asipoziba vizuri, panya hula gome. Akiufukua mapema mno mwezi wa Aprili, baridi ya mwisho inaua machipukizi na mwaka ule hapati tini za kula.

Sisi tuna mchicha, managu (mnavu) na sukuma wiki, na ni rahisi zaidi. Sukuma huvumilia baridi kidogo. Mchicha usipandwe kabla ya katikati ya Mei. Managu yaanzishwe ndani ya nyumba wiki sita kabla ya kuhamishiwa nje. Ua wa nyumba za zamani uwekewe matuta ya mbao na udongo mpya, maana ardhi yake huweza kuwa na sumu ya madini ya risasi kutoka rangi za zamani.

Walichofanya baada ya nyumba ndicho kinachonipa wivu. Gazeti la Corriere Canadese lilianza 1954. Shirika la COSTI lilianza mapema miaka ya 1960 kuwasaidia mafundi wao wapate ufundi unaotambuliwa na Kiingereza cha kazi, na leo linahudumia wahamiaji wa kila taifa, Waafrika tukiwemo. Johnny Lombardi alianzisha redio ya CHIN mwaka 1966, akawapa na wengine nafasi ya kutangaza kwa lugha zao. Mwaka 1976 wakafungua Villa Colombo, nyumba ya kulelea wazee.

Hiyo ya mwisho ingepaswa kutuamsha. Mzee anayeshikwa na ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Mama wa Kitanga atakayefika hapo akiwa Toronto atamwomba muuguzi maji kwa Kiswahili, na muuguzi ataandika kwamba mgonjwa anaweweseka. Waismailia waliotoka Afrika Mashariki, wengi wao Kiswahili wanakijua vizuri, wameonyesha kwamba inawezekana: kituo chao cha Wynford Drive kilifunguliwa 2014 pamoja na jumba la makumbusho. Vikundi vyetu vya upatu na vya misiba tayari vinakusanya pesa kila mwezi kwa uaminifu. Ningependa kila kikundi kitenge fungu dogo, hata dola 10 kwa mwanachama, kwa ajili ya jengo la hapa, lianze na ukumbi wa kukodisha na siku moja kwa wiki ya wazee kukaa, kula na kuzungumza.