Kuchomewa Kadi Tunalipa, Kupimiwa Hatutaki

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba, zile tunazoziita eks-UK, na inakaribia mwaka wa sita hapa kwangu Lanet, Nakuru. Ndiyo inayonilisha. Jumamosi napiga video za harusi, usiku wa wiki nzima nazihariri. Mwezi wa nne ikaanza kisirani: kila nikibonyeza itoe video kamili, skrini inaingia giza totoro. Feni zinavuma, taa inawaka, picha hakuna.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali moja. Aliichomoa kadi ya grafiki, ile inayopeleka picha kwenye skrini, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua embe sokoni, akasema imekufa lakini ataifufua. Akaipuliza kwa bloa ya moto, akaiacha ipoe, akairudisha. Shilingi 2,500. Picha ikaja, nami nikamsifu njia nzima hadi nyumbani.

Ilikaa siku 19. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba siku hizo zote sikuwa na harusi hata moja. Nilikuwa naandika bei za wateja na kutazama mpira. Harusi ya kwanza ilipoingia, giza likarudi.

Fundi wa pili ni dada mmoja mwenye kibanda ghorofani, karibu na Barabara ya Mburu Gichua. Kabla hajagusa kitu akaniambia, "Kupima ni mia tatu, bosi. Kukiwa na kutengeneza tutaongea tena."

Nusura niondoke. Yaani mia tatu za kuangalia tu? Nilikuwa nimempa 2,500 mtu ambaye hakupima chochote, na sasa naona naibiwa na huyu anayetaka kupima.

Aliuliza giza huja lini: mashine ikiwaka tu, au ikishaanza kazi nzito? Nikamwambia ni kwenye kazi nzito. Akaichomoa kadi, akasugua meno ya dhahabu ya kadi hiyo, yale yanayoingia kwenye soketi, kwa raba ya penseli, akaichomeka kwenye mashine yake na kuipa kazi nzito saa nzima. Haikutetereka. Kisha akairudisha kwangu, akachomeka mita kwenye waya wa manjano wa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Waya huo unatakiwa kutoa volti 12, na ukishuka sana usiwe chini ya 11.4. Mashine ikiwa imetulia, ilisoma 11.9. Kazi ilipopamba moto ikateremka hadi 10.9, na skrini ikazima mbele ya macho yetu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kadi kama yangu hupata wati 75 kupitia soketi ya mazabodi (ile bodi kuu), na waya wa pini 6 umeidhinishwa kuongeza 75 nyingine. Pawa saplai iliyozeeka, ambayo kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zimechoka, inaweza kubeba kadi hiyo ikiwa imelala, ikiamka, haiwezi. (Tafadhali usiifungue pawa saplai nyumbani. Kapasita zake hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani.)

Kadi kufa hufa, sikatai. Ukiona michirizi ya rangi na vidoti tangu ile skrini ya kwanza kabisa, kabla Windows haijaanza, usihangaike na drava (programu inayoendesha kadi), maana hapo drava bado haijaingia kazini. Jaribu kwanza skrini nyingine na kebo nyingine. Ikibaki vilevile, kadi ndiyo ya kushukiwa. Hata hivyo bloa si dawa. Joto hurudisha miunganisho iliyopasuka ikagusana kwa muda, kisha ikipata moto na kupoa mara kadhaa inaachana tena. Mwaka 2008 NVIDIA, kampuni ya chipu za grafiki, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laputopu zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa namna hiyo. Kama dawa ingekuwa kuzipasha moto, wangenunua bloa.

Na vumbi pia lina kesi yake. Wengi husema jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukifungua kompyuta yoyote hapa mwezi wa pili hutabisha.

Lakini sitamtupia fundi wa kwanza lawama zote. Analipa kodi ya chumba, na sisi wateja tumemfundisha kwamba kufikiri ni bure. Akikaa saa mbili akabadilisha kebo, ramu na pawa saplai moja moja, kisha akwambie "kadi yako ni nzima", utamlipa? Utasema hajafanya kitu. Kwa hiyo anawasha bloa, kwa sababu moshi unaonekana na moshi unalipiwa. Daktari tunamlipa kabla hata hajatuandikia dawa. Fundi akitaja ada ya kupima tunamwita tapeli.

Nilimlipa yule dada mia tatu zake, na 1,800 za pawa saplai ya mtumba yenye nguvu zaidi. Harusi tatu zimepita na giza halijarudi. Wakati wa kufunga kifuniko alinionyesha doa la kahawia kwenye kadi, pale bloa ilipokaa.

"Ilifika kwa yule fundi wako wa kwanza ikiwa nzima," akasema. "Sasa imeshapikwa. Anza kuweka pesa kidogo kidogo."