Kongosho likivimba, tusikimbilie kusema saratani

Mkaza mjomba ndiye aliyenivuta pembeni. "Hebu mtazame mjomba wako macho." Yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, ngozi ilimwasha usiku kucha, lakini tumbo halikumuuma. Picha ya CT ikaonyesha kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo, limevimba, na kabla ya kipimo kingine chochote neno saratani likaingia nyumbani. Jamaa wakaanza kuja kumuaga.

Haikuwa saratani. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyoligeukia kongosho, likafura na kuubana mrija wa nyongo. Nyongo ikikosa njia hurudi kwenye damu, ndiyo yale macho ya njano.

Ugonjwa huu ni nadra, lakini si mgeni. Daktari Sarles na wenzake waliueleza Ufaransa mwaka 1961, na Wajapani wakaupa jina la ugonjwa wa kinga mwaka 1995. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa wengi wana kiwango kikubwa cha protini ya kinga iitwayo IgG4. Ugonjwa una aina mbili. Hiyo ya IgG4 huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na huweza kugusa tezi za mate na figo pia. Aina ya pili huwapata vijana, mara nyingi wenye uvimbe wa utumbo, na IgG4 yao kwa kawaida haipandi.

Ninachoshikilia ni hiki: familia ina haki ya kumuuliza daktari, "Je, yaweza kuwa kinga?" kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Wapo waliokatwa kongosho kwa hofu ya saratani, maabara ikaja kukuta haipo. Hata hivyo IgG4 peke yake haitoshi, maana hata kwa baadhi ya wenye saratani hupanda. Kipande kidogo cha kongosho kichukuliwe kipimwe. Na steroidi, dawa za kutuliza kinga zinazotibu ugonjwa huu, zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha: hupandisha sukari, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na saratani ikiwepo inazidi kukua huku mnasubiri.

Mjomba alipewa steroidi iitwayo prednisoloni chini ya uangalizi. Wiki ya pili macho yakaanza kuwa meupe, picha ya marudio ikaonyesha uvimbe umepungua. Dozi ilishushwa taratibu kwa miezi. Ugonjwa huu huweza kurudi, kwa hiyo kila nikifika kwake namwita kwanza dirishani, kwenye mwanga, nimtazame macho.