Solo ni ya mtu mmoja

Jumamosi usiku nilikuwa kwenye solo, ile mechi ya gemu la risasi ambayo watu 100 hushushwa na ndege, kila mmoja peke yake, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Nilifika duara la mwisho, eneo salama likiwa limebana kabisa, tumebaki watatu. Nikampiga mmoja risasi za kutosha, na kabla sijammaliza mwingine akanilaza kutoka ubavuni. Hiyo ni vita, sina neno. Lakini skrini ilipohamia kwa aliyeniua, nikamwona anamkimbilia yule niliyemjeruhi, anasimama kumlinda huku mwenzake anajifunga bandeji. Kisha wakaanza kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, wakipongezana. Kwenye solo!

Najua kuna watakaoniambia ni gemu tu, nipunguze hasira. Sipunguzi. Mtu ametenga nusu saa yake, amechoma bando lake, ameingia uwanjani na wenzake 99 kwa makubaliano kwamba kila mmoja yuko peke yake. Wawili wakila njama, wengine wote wameshaibiwa tangu ndege ya kutushusha iko angani.

Tena msinichanganyie hili na vituko vingine. Anayejifungia chooni na bunduki akisikilizia nyayo za watu ananikera mno, ila nakiri kwa shingo upande kwamba hajavunja kanuni. Na waliotengeneza magemu haya walishamfikiria: eneo salama linabana, asipotoka anakufa. Hata wanaovizia mahali watu wanapofufukia, magemu mengi siku hizi humpa aliyefufuka sekunde chache za kutodhurika. Hakuna aliyehubiriwa uungwana hapo. Gemu lenyewe limefanya ujanja usilipe.

Mpira nao ulifika huko kwa uchungu. Wazee wa soka hawajasahau Gijón, Hispania, Kombe la Dunia la 1982. Algeria walikuwa wameifunga Ujerumani Magharibi 2-1, na walimaliza mechi zao siku moja kabla ya Wajerumani kukutana na Austria. Kwa hiyo wale wawili waliingia uwanjani wakijua hesabu yote: Ujerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wanavuka. Bao likapatikana mapema, na muda uliobaki wakawa wanapigiana pasi zisizokwenda popote huku mashabiki wakizomea. Algeria wakarudi nyumbani na ushindi wao wa mechi mbili. FIFA hawakumwadhibu mtu yeyote, lakini tangu Kombe la 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Walibadilisha ratiba, na mwanya ule ukazibwa.

Kwenye magemu tunasubiri nini? Hela tayari zipo. Mwaka 2019, kwenye michujo ya Kombe la Dunia la Fortnite, gemu la aina hii hii, ambalo bingwa wake wa solo aliondoka na dola milioni 3, watengenezaji wake Epic Games walimfungia mchezaji kwa siku 14 na kumnyang'anya tiketi ya fainali kwa kushirikiana na wapinzani wake. Adhabu hiyo naiunga mkono kabisa. Lakini adhabu huja wakati waliodhulumiwa wameshatolewa, na hakuna anayewarudishia mechi yao.

Dawa iwe ndani ya gemu lenyewe: marafiki wanaobonyeza kuanza solo kwa pamoja watupwe kwenye mechi tofauti. Gemu linawajua marafiki zetu, kila tukiingia linatuonyesha nani yuko hewani. Watu wawili wakikaa dakika nzima hatua chache kati yao, wanaonana na hawapigani, seva, ile kompyuta inayoendesha mechi, ina kila inachohitaji kuliona hilo. Na wakipatikana na hatia, pointi zirudi kwa waliouawa, siyo akaunti ifungiwe halafu basi.

Na ninyi mnaoandaa mashindano ya mtaani, mnaokusanya viingilio kwa simu na kutangaza washindi kwenye grupu la WhatsApp: mnapotoa pointi kwa kila anayeua, angalieni nani amemuua nani. Jina lilelile likifa mikononi mwa mtu yuleyule mechi baada ya mechi, ulizeni. Rekodini skrini za fainali, na kabla ya mechi ya kwanza tangazeni kwamba atakayelishwa pointi na rafiki yake hapati zawadi, hata kama ni rafiki yenu pia.