Inflamesheni na kisukari: Hotamisligil alikuwa sahihi kwa kiasi gani?

Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, mtafiti kutoka Uturuki aliyekuwa Boston kwenye maabara ya Bruce Spiegelman, alichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Tishu za mafuta za panya wanene zilikuwa zikitoa TNF-alfa, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia kupambana na maradhi na kuchochea inflamesheni, yaani ule mwako wa ndani unaotokea kinga inapofanya kazi. Ilipozuiwa, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Kumbe mafuta si ghala la nishati tu. Hutuma ujumbe mwilini, na ujumbe huo unaweza kuivuruga insulini.

Tangu hapo wataalamu wanabishana: je, inflamesheni ndiyo inayoleta kisukari aina ya pili, au inafuatana nacho tu? Mimi naamini imo miongoni mwa visababishi, ila ukitaka kutibu ugonjwa, kuipiga yenyewe kunaleta faida ndogo.

Wanaoitetea nadharia hii wana hoja nzito. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya wasio na jeni ya TNF-alfa walinenepa, lakini insulini yao haikudhoofika kama ya wenzao. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakaonyesha kuwa makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza takataka, hazifiki asilimia 10 ya seli katika mafuta ya mnyama mwembamba, lakini kwa mnene wa kupindukia huvuka asilimia 50. Chini ya hadubini huonekana seli ya mafuta iliyojaa hadi ikafa, na makrofeji zimeizunguka pande zote kama taji, zikisafisha mafuta yaliyobaki. Ukishaiona picha hiyo, ni vigumu kusema inflamesheni haihusiki.

Kwa binadamu mambo yakawa magumu. Mwaka 1996 wagonjwa wachache wanene wenye kisukari walichomwa dozi moja ya kingamwili dhidi ya TNF-alfa, na utendaji wa insulini haukubadilika. Watetezi wakajibu kuwa dozi moja haitoshi, na hapo nawaunga mkono. Ndiyo maana jaribio la salsaleti la mwaka 2013 lina uzito zaidi. Dawa hii ni ya kale, ya jamii ya aspirini, na ilitumiwa kwa wiki 48. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, kilishuka kwa pointi 0.37 za asilimia zaidi ya kwa waliopewa dawa bandia. Faida ipo, ila ni ndogo, na protini kwenye mkojo pamoja na lehemu mbaya viliongezeka.

Kinachonishawishi zaidi ni jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Kanakinumabu, dawa ya sindano inayozuia kemikali nyingine ya inflamesheni, ilishusha viashiria vya inflamesheni, na kwa dozi ya miligramu 150 ikapunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 15. Kwa moyo, basi, nadharia ilifaulu. Lakini dawa hiyohiyo haikuzuia visa vipya vya kisukari, na vifo vya maambukizi viliongezeka.

Zaidi ya hapo, mwaka 2014 kundi la Philipp Scherer huko Dallas lilionyesha kwamba panya ambao seli zao za mafuta zilizuiwa kupata inflamesheni walishindwa kuhifadhi mafuta ipasavyo, yakaishia kwenye ini. Yaani sehemu ya inflamesheni ni ukarabati wa kawaida wa mwili.

Kwa hiyo wanaotuuzia mitandaoni unga na chai za "kuondoa inflamesheni" kwa ahadi ya kuponya kisukari wanawadhulumu wagonjwa. Dawa zilizopimwa kwa makini zimepata matokeo haya madogo, sembuse unga usiopimwa na yeyote? Linganisha na jaribio la DiRECT la Uingereza, pia la mwaka 2017: wagonjwa walipunguza uzito kwa mlo maalumu wenye kalori chache chini ya uangalizi wa kliniki, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa.

Utafiti wa Hotamisligil bado unastahili fedha na vijana wa kuuendeleza. Ila dawa za kuzuia TNF-alfa huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na Kenya na Tanzania zimo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Dawa ya aina hiyo ikija kujaribiwa kwetu kwa ajili ya kisukari, kila mshiriki apimwe TB kabla ya sindano ya kwanza.